Isabel wa Second Chance: mbona jina lake halisi halikutukaa kichwani?

#1 Mzee wa Antena
Wakuu, habari za jioni.

Juzi binti yangu wa kidato cha tatu yuko kwenye simu anaangalia tamthilia yake ya Kituruki. Nikamtania kwamba hizo zenu ni uji usio na sukari, sisi tulikuwa na Second Chance. Nikamhadithia yote: mzee Donoso tajiri, mke kijana Isabel, njama zake na mpenzi wake Andrés, mzee anakufa, roho yake inaingia kwenye mwili wa Salvador Cerinza, mkulima fukara, halafu anarudi kwenye jumba lake mwenyewe kuomba kazi. Mtoto akaacha simu. Akaniuliza, "Baba, huyo Isabel ni nani hasa?"

Nikakwama. Salvador namjua, ni Mario Cimarro, naweza kukuandikia usingizini bila kukosea herufi. Lakini huyu mama aliyetunyima usingizi miezi na miezi, jina sina!

Nimelitafuta. Anaitwa Lorena Rojas. Amezaliwa Mexico City tarehe 10 Februari 1971, amefariki Miami tarehe 16 Februari 2015, siku sita baada ya kutimiza miaka 44. Kumbe mwenzenu nilikuwa naendelea kumnunia marehemu.

Hoja yangu ni hii. Dada huyu aliigiza kwenye televisheni zaidi ya miaka 20, akawa mhusika mkuu wa tamthilia kadhaa, lakini huku kwetu jina lake halikushika kabisa. Hata akitajwa, hawekwi safu moja na kina Thalía na Verónica Castro, malkia wa tamthilia za Mexico. Kwa nini? Mimi nasema Isabel ndiye aliyemmeza. Wenye lingine leteni.

#2 Kimbweta
Nimekaa paleee na karanga zangu. Uzi tayari.

#3 BintiTanga
Nakuunga mkono, Mzee. Nyumbani kwetu Isabel alikuwa kama mke mwenza wa mama. Saa ya tamthilia ikifika mama anavuta mkeka, anakaa karibu na tv kabisa ili amtukane vizuri. Siku mzee Donoso alipokufa mama alisusa chakula cha usiku. Baba akauliza kuna msiba wapi, tukamwambia Miami.

Kuna jirani alijifungua mtoto wa kike akataka kumwita Isabela. Bibi yake akasema labda nife kwanza. Mtoto akaitwa Mwanaidi. Sasa mwigizaji wa namna hiyo nani atahangaika kulijua jina lake? Kwetu sisi alikuwa Isabel, na Isabel alikuwa shetani.

#4 Kasuku254
Mambo, watu wangu wa Bongo. Niko Nakuru.

Mimi naona sababu ni ndogo kuliko mnavyofikiria. Majina ya waigizaji huwa yanapita mwanzo na mwisho. Mwanzo ulikuwa ni ule wimbo, na hapo kila mtu bado anatafuta kiti. Mwisho, jina la kwanza likianza tu kupanda, zinaingia tangazo la sabuni na la unga wa ugali, kisha taarifa ya habari. Hatukupewa nafasi ya kusoma, buda.

Salvador tulimjua kwa sababu wasichana wa estate walimtafuta. Picha yake ilikuwa nyuma ya mathree moja (daladala yenu) huku kwetu, kifua wazi, imeandikwa SALVADOR kwa rangi ya dhahabu. Isabel hakuchorwa popote.

#5 Mwananzengo
Mnasahau kirahisi. Huyo Isabel si ndiye aliyewahi kucheza mapacha, mmoja mzuri mmoja mbaya, wakabadilishana nyumba? Mkolombia yule. Nyota mkubwa sana, sijui mnalalamika nini.

#6 Dada wa Remoti
Mwananzengo, kaka yangu, umechanganya mchele na chuya. Mapacha Paola na Paulina ni La Usurpadora ya 1998, na aliyewacheza ni Gabriela Spanic, Mvenezuela. Lorena Rojas ni Mmexico.

Ila Ukolombia hukuuokota njiani, hadithi yenyewe kweli ilitoka huko. Iliandikwa na Julio Jiménez, ikachezwa Kolombia mwaka 1992 kwa jina la En cuerpo ajeno, na mke mwovu alikuwa Amparo Grisales. Hii tuliyoiona sisi ni ya pili, El cuerpo del deseo, ya Telemundo, stesheni ya Kihispania ya Marekani, mwaka 2005, na ilipigwa Miami. Ndiyo maana kila mtu mle ana asili yake: Cimarro ni Mkuba, Lorena Mmexico, na mzee Donoso ni Andrés García, aliyezaliwa Santo Domingo akawikia kwenye sinema za Mexico.

Kwa hiyo Lorena alivaa viatu vilivyokwisha kuvaliwa, na huko Amerika ya Kusini watu walimpima kwa Amparo. Sisi hatukuwa na wa kumlinganisha naye.

#7 Mwananzengo
Sawa mwalimu, nimekaa chini.

#8 Kimbweta
Mwananzengo kapigwa za uso hadi kageuka mwanafunzi 😂

#9 Fundi Sauti
Nimefanya kazi ya kuingiza sauti za Kiswahili kwenye tamthilia za nje, kwa hiyo nitazungumzia ninachokijua.

Ninyi hamkuwahi kumsikia Lorena Rojas. Hata mara moja. Ile sauti ya Kiingereza, ile ya kuburuta maneno akitaka kumdanganya mzee, ni ya mtu mwingine aliyekuwa amesimama mbele ya kipaza sauti na karatasi mkononi. Lorena alicheza kwa Kihispania. Mkifikia macho, shingo, namna ya kugeuka mlangoni, hayo ni yake. Koo si lake.

Kazi hii ina vita vyake. Mdomo wa mwigizaji ukifunga kwa "m", "b" au "p", na wewe utafute neno linalofunga mdomo hapohapo. Sentensi ya kwao ikiwa ndefu unajaza, ikiwa fupi unakata. Ukimaliza umeokoa maana, lakini pumzi ya mwenyewe imeondoka. Na kwa mwigizaji wa televisheni, ambaye kamera iko usoni pake muda wote, pumzi ni nusu ya kazi. Cimarro hakupoteza kitu kwa sababu wengi walikuja kuangalia kifua, na kifua hakihitaji tafsiri. Lorena alipoteza.

Kwa hiyo Mzee, jibu langu: hatukulishika jina kwa sababu tulipewa nusu mtu.

#10 Yakhe wa Muscat
Assalaam alaykum. Fundi, maneno mazuri lakini hayajakaa sawa.

Mimi ni mtu wa Unguja, nimekulia huku Oman. Miaka ya tisini tamthilia za Mexico na Venezuela zilikuwa zikija kwa Kiarabu, tena Kiarabu fasihi, kile cha taarifa ya habari. Yakhe, mtu anamtongoza mwenziwe kama anasoma habari za saa mbili! "Ewe mpenzi wangu, hakika moyo wangu umeungua." Nasi watoto tunacheka, mama zetu wanalia.

Sasa katika hizo kulikuwa na Kassandra. Mamangu hajui Kihispania hata neno moja, hakumsikia yule msichana kwa sauti yake hata siku moja, na mpaka leo ukimuuliza atakwambia: Coraima Torres. Jina kamili! Kama ni sauti ya kupachika ndiyo inayoua jina, huyo aliponaje?

#11 Mzee wa Antena
Yakhe kauliza swali. Fundi, jibu hilo.

#12 Fundi Sauti
Kassandra ndiye mwenye tamthilia. Kila jioni inaanza na jina lake na uso wake. Mtu akipenda atauliza huyu Kassandra ni nani. Isabel alikuwa ndani ya tamthilia ya mwanamume: roho ya mwanamume, kisasi cha mwanamume, na kwa Kihispania ni "mwili wa matamanio", nao ni mwili wa Salvador. Lakini nakubali kidogo.

#13 Dada wa Remoti
Ngoja niweke kitu kizito hapa maana mnazunguka mbuyu.

Kule Mexico mwigizaji wa televisheni ni kama mchezaji wa mpira wa zamani, anatambulika kwa klabu. Klabu kubwa ni stesheni ya Televisa. Lorena alianzia hapo. Alitokea kwenye Alcanzar una estrella mwaka 1990, akiwa na miaka 19, ile ya Eduardo Capetillo na Mariana Garza iliyojaa nyimbo. Baadaye akawemo El premio mayor ya 1995, ile ya kuchekesha ya fukara anayeshinda bahati nasibu akapagawa na pesa. Mwaka 1996 akacheza Canción de amor, tena na Capetillo. Alikuwa anapanda ngazi kama kawaida.

Halafu akahama. TV Azteca ilikuwa stesheni ya serikali hadi ilipobinafsishwa mwaka 1993, na ilipoanza kutengeneza tamthilia zake ikawa inavuta watu wa upande wa pili. Televisa hawakuchekea mambo hayo. Aliyevuka alifungiwa mlango, na wenyewe waliita veto. Lorena akavuka. Mwaka 1998 akapata Tentaciones, kisha Azul Tequila, humo yeye ndiye Azul mwenyewe, akiwa na Mauricio Ochmann na Bárbara Mori. Mwaka 2001 Como en el cine. Kule akawa malkia, si binti wa pembeni tena.

Lakini bei yake ni hii: Televisa ndio waliokuwa na mtandao wa kuuza tamthilia duniani. Verónica Castro na Los ricos también lloran ya 1979, Thalía na Marimar ya 1994, wote ni Televisa. Hao walisafirishwa hadi Urusi na Ufilipino. Azteca walikuwa wageni sokoni. Lorena alikuwa mhusika mkuu miaka ile ambayo dunia haikuwa inaangalia upande wake. Dunia ilipoanza kumwangalia, yaani Telemundo na Second Chance, tayari amepewa ubaya.

Mtu huyu hakumezwa na Isabel, Mzee. Alihama klabu.

#14 Kasuku254
Dada umeshuka na pointi. Lakini kuna shimo. When You Are Mine ni ya wapi? Azteca hiyohiyo, 2001. Na Kenya nzima ilisimama. Mama mboga alikuwa anafunga mapema kwa sababu ya Paloma na Diego. Kama Azteca hawakuwa na soko, Paloma alifikaje kwetu Nakuru?

#15 Dada wa Remoti
Na Paloma jina lake halisi ni nani?

#16 Kasuku254
...

#17 Kimbweta
😂😂😂 Kasuku kanyamaza

#18 Kasuku254
Silvia Navarro. Sitadanganya, nimeangalia sasa hivi. Haya, umenipata.

#19 Mchuma Buni
Mmemtaja Paloma mmenikuna. Mimi ni wa Kibosho. Yule binti alikuwa anachuma kahawa na kucha ndefu safi, kikapu kimejaa buni nyekundu tupu, hakuna hata moja ya kijani! Babu yangu aliangalia dakika kumi akauliza huyu analipwa kwa debe au kwa uzuri. Kuchuma kahawa kunakata vidole, mgongo unauma, siafu wanakupanda miguuni, nzi wa matunda juu. Na hakuna Diego anayepita na farasi. Anayepita ni karani wa chama anakwambia bei imeshuka.

#20 Yakhe wa Muscat
Hahaha karani wa chama. Lakini si mlitizama hadi mwisho?

#21 Mchuma Buni
Tuliangalia. Babu pia.

#22 Mzee wa Antena
Jamani kahawa ina jukwaa lake la kilimo. Turudini kwa Lorena.

#23 Bwana Ukweli
Niseme ambalo wote mnaliogopa. Mamilioni ya watu wamemlaani mwanamke huyu kila jioni, Afrika, Amerika, Ulaya. Mdomo huumba. Mtu akiigiza ubaya kwa kiwango kile, laana zinatafuta pa kutua. Alikufa na miaka 44. Mnadhani bure?

#24 BintiTanga
Bwana Ukweli unamaanisha mama yangu na mkeka wake alimuua mtu Miami? Toka hapa.

#25 Nesi wa Zamu
Nilikuwa napita kimya, lakini #23 imenivuta.

Lorena Rojas aligundulika na saratani ya titi mwaka 2008. Akatibiwa, akasimama, akarudi kazini. Na hakurudi kwa vipande viwili vitatu: mwaka 2010 alikuwa mhusika mkuu wa Entre el amor y el deseo huko Azteca, mwaka 2011 akawa kwenye Mi corazón insiste ya Telemundo, mwaka 2012 akawemo Rosario ya Univision. Katikati ya hapo ugonjwa ukarudi, safari hii ukiwa umefika kwenye mifupa. Mwaka 2013 akaasili mtoto wa kike. Mwaka 2014 akatoa albamu ya nyimbo za watoto, Hijos del Sol. Mwaka uliofuata akaondoka. Mtu anayefanya yote hayo kwa mwili unaouma namna ile, wewe unasema laana?

Saratani ya titi haijui uigizaji. Inawashika watawa, walimu, wauza samaki. Huku kwetu wengi tunawapokea wamechelewa kwa sababu ya maneno kama haya yako: mtu anaambiwa ni mkono wa mtu, anaanza kwa mganga, anafika kwetu kidonda kimeshafunguka.

#26 Mwananzengo
Nesi samahani, nauliza kwa heria maana nimeshapigwa leo. Mimi nilisoma alikufa kwa saratani ya ini, si ya titi. Ipi kweli?

*kwa heria = kwa heshima. Simu hii.

#27 Nesi wa Zamu
Swali zuri, watu wengi hulikosea. Saratani ikianzia kwenye titi halafu chembe zake zikasafiri hadi ini au mfupa, bado ni saratani ya titi, iliyo ugenini. Ukichukua kipande cha ini ukakipima, utakuta chembe za titi. Dawa pia zinachaguliwa kwa kuangalia ilikoanzia. Ndiyo maana utasoma sehemu moja titi, nyingine ini, nyingine mifupa, na wote wanazungumzia ugonjwa uleule. Na inaweza kurudi baada ya miaka hata kama mtu alitangaziwa kupona, kwa sababu chembe chache zilishatoka zikajificha.

#28 BintiTanga
Nesi umenigusa. Shangazi yangu alikuwa na uvimbe kama punje ya kunde, akauficha kwenye khanga mwaka mzima, anasema hauumi. Ndiyo tatizo, mwanzoni hauumi. Alipoenda, kituo cha kwanza wakampa dawa za maumivu wakamrudisha nyumbani. Cha pili ndipo wakamshtukia, akapelekwa Dar. Yuko hai, alhamdulillahi, titi moja, na anacheza vigodoro kutuzidi sisi.

#29 Nesi wa Zamu
Msalimie sana huyo shangazi.

#30 Bwana Ukweli
Mimi nilitoa maoni tu.

#31 Kimbweta
Na sisi tumetoa yetu. Kaa.

#32 Mzee wa Antena
Nesi kanipa kitu. Tazameni tarehe. Second Chance inamalizika 2006. Mwaka 2007 Telemundo hao hao wanampa Pecados Ajenos, na safari hii ni mwanamke mwema, mwenye kupendwa, na Mauricio Islas. Yaani walishaona huyu si wa kuwa shetani siku zote. Halafu 2008, ugonjwa. Mlango unafunguka, anaangukia kizingitini.

Nabadili hoja yangu ya kwanza. Pengine si Isabel. Ni 2008.

#33 Dada wa Remoti
Mzee mbona unahama upesi kuliko Lorena mwenyewe? Nesi kakuorodheshea hapo juu, 2010 anaongoza tamthilia. Aliyeangukia kizingitini haongozi. Mimi nabaki na klabu. Na nikuongezee: Bárbara Mori, yule aliyekuwa naye kwenye Azul Tequila. Huyo alihamia Televisa, mwaka 2004 wakampa Rubí. Mwanamke mwongo, mwenye tamaa, anamwibia rafiki yake mchumba. Mbaya kuliko Isabel! Na dunia nzima inamjua. Kwa hiyo ubaya wa mhusika hauui jina la mwigizaji. Stesheni ndiyo inayoamua.

#34 Fundi Sauti
Au, kama nilivyosema #12, tamthilia iliitwa Rubí. Ukiwa mbaya na jina la kazi ni lako, wewe ndiye mwenye nyumba. Ukiwa mbaya kwenye nyumba ya Salvador, wewe ni mpangaji.

#35 Kasuku254
Fundi nakupa hiyo. Lakini jina la Bárbara Mori mimi nalijua kwa sababu ya dada yangu mkubwa, aliandika kwenye daftari la fizikia. Ukiuliza wanaume kumi hapa Nakuru watasema "Rubi". Tunajadili kitu ambacho labda hakiko. Sisi hatukumjua mtu yeyote kwa jina lake! Wangapi hapa walimjua Andrés García kabla Dada hajamtaja?

#36 Mwananzengo
Mimi nilimjua kama mzee Donoso tu. Halafu nilisikia Salvador naye alishafariki, ni kweli?

#37 Dada wa Remoti
Mwananzengo!! Aliyefariki ni Andrés García, Aprili 2023, huko Acapulco, ana miaka 81. Cimarro yupo. Kwenye hadithi mzee anakufa anaishi ndani ya Salvador, na nje ya hadithi mzee kafa, Salvador yupo. Umechanganya kwa sababu inachanganyika.

#38 Kimbweta
Kwa hiyo roho ya mzee iko wapi sasa hivi? Nauliza kwa niaba ya Gaetana.

#39 Yakhe wa Muscat
Gaetana yule mama wa mizimu! Kwetu Pemba angepata wateja mpaka alfajiri. Ila hakuwa akiomba hata kuku mweusi, kazi gani hiyo.

Kuna jambo nimelisoma zamani, nilitaka kumuuliza Fundi. Ni kweli waigizaji wa Mexico hawakariri maneno, wananong'onezwa sikioni?

#40 Fundi Sauti
Ni kweli kwa sehemu kubwa, hasa Televisa. Kuna kidude kidogo kinaingia ndani ya sikio, wenyewe wanakiita chícharo, yaani njegere. Mtu yuko chumba cha pembeni anasoma maneno na maelekezo, mwigizaji anasikia na kusema palepale. Tamthilia inaruka siku tano kwa wiki, mtu angekariri saa ngapi? Ndiyo maana wakati mwingine unaona anakodoa macho sekunde mbili kabla ya kujibu, wewe unadhani ni uchungu wa mapenzi, kumbe anasubiri njegere iseme.

Aliyelelewa kwenye njegere tangu ana miaka 19 anajifunza kitu kimoja: kusikiliza bila uso kuonyesha kwamba anasikiliza. Mwangalieni tena Isabel akiwa anadanganya. Uso umetulia, nyuma ya uso kuna mtu anafanya hesabu. Huenda ubaya wote ule ulitoka kwenye njegere.

#41 Mzee wa Antena
Hii ya njegere nampelekea binti yangu kesho.

#42 Fundi Sauti
Jingine. Baada ya Nesi kutaja ile albamu ya watoto nimeitafuta usiku huu, nikavaa spika za masikioni. Ndiyo mara yangu ya kwanza kumsikia kwa koo lake. Sauti laini, ya chini kuliko nilivyotegemea, haina haraka. Nimerudia mara tatu. Mke wangu akauliza nasikiliza nyimbo za watoto wa nani saa tano usiku, nikamwambia za Isabel wa Second Chance. Akasema, "Yule mchawi?"

#43 BintiTanga
Nimemchezea mama. Yuko hapa kwenye mkeka uleule, ila sasa unaning'inia nyuzi. Nimemwambia huyu anayeimba ndiye Isabel, na alifariki akiwa na binti mdogo. Kanyamaza kidogo, akasema, "Innalillahi." Kisha akasema, "Lakini alimfanyia vibaya yule mzee."

#44 Kimbweta
Mama hatoi msamaha wa jumla 😂

#45 Kasuku254
Wacha niulize kitu kimenisumbua miaka. Ule usiku wa mwisho kabisa, estate nzima stima zilipotea. Tulikimbia kwa jirani mwenye jenereta, tukapata watu wameshajaa mpaka dirishani, mimi nikaona migongo ya watu tu na nikasikia kelele. Isabel aliishia vipi?

#46 Mchuma Buni
Na sisi ilikuwa mgao. Babu alihamia kwenye redio.

#47 BintiTanga
Mimi nilikuwa shule ya bweni, matroni akazima tv saa tatu kamili, dakika ishirini kabla ya kuisha. Nilihadithiwa na wasichana watatu, kila mmoja na mwisho wake.

#48 Dada wa Remoti
Mimi najua. Niwaambie?

#49 Mzee wa Antena
USITHUBUTU. Binti yangu kaanza kuiangalia jana, na mimi nimekaa pembeni najifanya nasoma gazeti.

#50 Kasuku254
Dada njoo faragha.

#51 Mwananzengo
Na mimi faragha. Mimi nilinunua siidii zote Kariakoo, bunda zima limefungwa kwa mpira. Ya mwisho ndani ilikuwa na mahubiri.